Ukuta wa Makosa

Nina ulimi mkali, na sitajitetea. Mama yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili kule Voi, na nilipokuwa shule ya bweni barua zangu za kuomba sabuni zilinirudia zimesahihishwa kwa wino mwekundu, saba kwa kumi, na sabuni haikuja mpaka niandike upya. Ugonjwa huo nilihama nao. Nilikuja Kampala kufanya kazi ya uchapaji, na miaka kadhaa baadaye nikafungua chumba changu cha kutengeneza kompyuta pale Kansanga, lakini ile kalamu nyekundu sikuiacha Voi. Mtu akinisalimu "Habali?" nilimjibu, "Nzuri, kwa r."

Chumba kilikuwa kidogo: meza ya kazi, kabati la vipuri, benchi la wateja, na printa, kwa sababu watu walikuja pia kuchapisha matangazo ya biashara zao. Walileta maneno yameandikwa kwa mkono, mimi nayapanga na kuyatoa safi. Karatasi zilizonichekesha sikuzitupa. Nilizibandika ukutani juu ya benchi, na juu yake nikaandika kwa kalamu nene: UKUTA WA MAKOSA. Palikuwa na CHAKULA TAYALI. Palikuwa na TUNAUZA MCHERE. Wakenya wenzangu waliokuja na kompyuta zao walikaa chini ya ukuta ule wakicheka, nami nikajiona mtu wa maana.

Katikati kabisa palikuwa na TUNATALIZI SHUKA ZA HALUSI. Mwenye karatasi hiyo nilimkumbuka. Alikuwa mzee mrefu, Muganda, mwanajeshi mstaafu kwa jinsi alivyosimama, na aliingia siku ambayo benchi limejaa. Nikaisoma kwa sauti. "Halusi ndiyo nini, afande? Inaliwa au inavaliwa?" Watu wakaangua kicheko. Mzee hakukasirika. Aliweka mikono nyuma akasubiri tumalize, kisha akasema, "Kale, nyabo," yaani sawa, mama. "Weka hiyo yako." Nikaweka yangu, akaipokea, akashukuru, akaondoka. Sikumwona tena.

Pengine ulipita mwaka mmoja na nusu kabla ya yule mama kuja. Alikuwa Mnubi, mtu wa makamo, amejifunika vizuri, na mtaa mzima ulimwita Hajati. Kompyuta yake ya kubeba aliileta imefungwa ndani ya kitambaa cheupe kilichotariziwa maua ya zambarau pembeni. Aliiweka mezani kwangu akakifungua kitambaa fundo baada ya fundo.

"Imekataa kuamka, mwanangu," alisema. "Ilikuwa nasema apudeti, apudeti, kila siku. Mimi nikaona si adabu kukatalia mtu anaomba kila siku. Nikabonyeza ndiyo. Katikati, umeme ikaenda."

Niliiwasha. Skrini nyeusi, kistari kimoja cheupe kinapepesa juu kushoto, basi. Betri yake ilikuwa imechoka. Iliweza kuilinda mashine ikiwa imelala, lakini kazi nzito kama sasisho la mfumo mzima iliishinda. Umeme ulipokatika, mashine nayo ikakata roho na kazi ikiwa nusu. Nilishaziona nyingi za namna hiyo.

"Nimepeleka Kabalagala kwanza," alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri. "Fundi alisema anafuta yote, anaweka mpya, jioni nachukua. Nikamuuliza, na michoro yangu? Akasema michoro inaenda. Akasema itaota tena, kama nywele."

Hapo ndipo aliponieleza michoro yenyewe. Mama yake alikuwa na shuka moja aliyoitarizi mwenyewe, na katika ukoo wao kila binti anayeolewa huingia kwake na shuka yenye ua lile, katika hesabu ileile ya mishono. Shuka ya asili ilikuwa imeoza. Ukiishika inakuachia uzi mkononi. Basi msimu mmoja wa mvua yeye na mumewe waliitandaza sakafuni, yeye akitaja rangi na kuhesabu mishono, mumewe akiingiza kwenye kompyuta, mraba kwa mraba, mpaka ua lote likaingia. Walipomaliza, shuka haikuwa tena kitu cha kukunjika. Sasa binti yao wa mwisho alikuwa anaolewa baada ya mwezi wa mfungo, na mashine ya kutarizi ilikuwa inasubiri.

"Huwezi kuitarizi kwa kumbukumbu, Hajati?"

"Mkono yangu inajua ua," alisema. "Haijui hesabu. Hesabu alikuwa nayo yeye, na yeye amekufa."

Alikuwa ametoka eda wiki ileile. Miezi yote minne na siku zake kumi alikuwa ndani, na kompyuta alikuwa akiichaji tu na kuifunika, hajawahi kuizima. Hakuwahi kuizima hata mumewe alipokuwa hai, kwa sababu mwenye kuwasha na kuzima alikuwa mume. Nilimwambia arudi baada ya siku mbili. Nilimwambia pia kwamba sitafuta kitu, na nililisema hilo kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu yule fundi wa Kabalagala na nywele zake alikuwa amenipandisha hasira.

Nina sheria moja ya kazi: siigusi diski ya mtu kabla ya kutoa nakala yake kamili. Niliitoa diski, nikaifunga kwenye mashine yangu, nikaiacha ikinakiliwa kutwa nzima. Diski ilikuwa nzima kabisa. Lakini nilipotaka kuisoma, iliniuliza neno la siri. Haikuwa paswedi ya kawaida ya kuingilia, ile inayozungukwa na kila fundi. Diski nzima ilikuwa imefungwa, kila herufi ndani yake imevurugwa, na bila neno lile hakuna mtu duniani angeona hata mshono mmoja. Aliyeifunga alijua anachofanya.

Hajati aliporudi nilimuuliza mumewe alikuwa mtu wa kazi gani.

"Signo," alisema. "Redio za jeshi. Aliingia baada ya vita kuisha, akazeeka huko, mwisho alikuwa kambi ya Mbuya. Yeye alifunga kila kitu. Hata sukari alifunga."

"Alikuambia neno la kufungulia?"

"Alisema ni ile maneno yake ya asubuhi." Alitazama mikono yake. "Tulipooana alikuwa anapelekwa kaskazini, na mimi nalia mlangoni. Akasema, nitarudi kabla ya kulala, usilie. Alikuwa anajua harudi siku hiyo. Alirudi baada ya miezi. Lakini akaendelea kusema, kila asubuhi, hata amestaafu, hata anaenda tu kununua mkate. Nitarudi kabla ya kulala, usilie."

Nikaandika: nitarudi kabla ya kulala usilie. Nikabonyeza. Mashine ikafikiri kidogo, ikakataa. Nikaweka mkato. Ikakataa. Herufi kubwa mwanzoni. Ikakataa. Maneno yakiwa yameunganishwa, ikakataa.

"Itafunguka, Hajati," nikasema. "Nipe muda."

"Najua," alisema. "Yeye aliniambia. Alisema, siku ikiharibika, peleka kwa ule Mukenya mwanamke wa Kansanga. Alisema ule hawezi kuacha kosa ipite."

Aliyasema kama sifa. Alikuwa ameketi kwenye benchi, ameegemea ukuta, na juu kidogo ya kichwa chake, kwa mwandiko uliosimama wima kama mwenyewe alivyosimama, palikuwa na SHUKA ZA HALUSI. Yule mzee alikuwa mumewe. Nilijifanya naokota bisibisi chini ya meza, nikakaa huko chini muda mrefu kuliko bisibisi yoyote inavyohitaji. Alipoondoka niliibandua ile karatasi, nikaitia kwenye droo.

Kuanzia hapo haikuwa tena kompyuta ya mteja tu. Nilikuwa nalipia kicheko kile, na sikukusudia kushindwa.

Niliijua njia, au nilidhani naijua. Muganda huyu angechanganya r na l, kama alivyochanganya kwenye tangazo. Nikahesabu herufi zinazoweza kuchanganywa katika sentensi ile: moja kwenye nitarudi, moja kwenye kabla, mbili kwenye kulala, moja kwenye usilie. Herufi tano, kila moja na njia mbili, jumla njia thelathini na mbili. Nikachora jedwali kwenye daftari. Nikazijaribu zote, nikitia alama kila ninapokataliwa. Kisha nikazirudia zote bila nafasi kati ya maneno, kisha kwa herufi kubwa, kisha kwa mkato. Nitaludi kabra ya kurara. Nitarudi kabra ya kulara usirie. Nilitamka upuuzi huo kwa sauti siku tatu mfululizo, mlango ukiwa wazi, na wapita njia walinitazama kwa huruma. Kazi za wengine zikalala kwenye kabati. Mkenya mwenzangu mmoja alikuja kuchukua printa yake akaikuta haijaguswa, akaniuliza kama naumwa.

Siku ya tatu jirani yangu mwenye saluni alisimama mlangoni, mikono imejaa povu. Ni Muganda, na urafiki wetu ulikuwa wa kutaniana. Nilikuwa nimemsahihisha kwa miaka mpaka akaacha kunisalimu kwa Kiswahili. Alinisalimu kwa Luganda makusudi, ili atakayekosea niwe mimi.

"Muliranwa," alisema, yaani jirani, "leo siku ya tatu unasoma kitu kama mutoto wa nasari. Wateja yangu wanauliza. Ni nini?"

Nilimweleza. Mzee, jeshi, diski, sentensi. Nilimwambia nimejaribu kila namna ambayo mtu anaweza kuchanganya r na l.

"Kuchanganya," alisema. Alijifuta povu kwenye aproni, polepole. "Nani anachanganya?"

"Si nyinyi?"

"Leta kalamu."

Nilimpa kalamu na daftari. Nikamtamkia sentensi kwa Kiswahili changu kizuri cha Voi, na yeye akaandika alichosikia, bila kusita hata mara moja. Akanigeuzia daftari.

*Nitaludi kabula ya kulala usirie.*

Niliitazama. Nitaludi ilikuwa kwenye jedwali langu. Usirie ilikuwemo. Lakini kabula haikuwemo, na isingekuwemo hata ningekaa mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa natafuta herufi zilizobadilishana viti, na hapa palikuwa na herufi iliyoongezwa.

"Kwa nini kabula?"

"B na l zinafuatana namna gani? Mutu atapumua wapi?" Alinionea huruma waziwazi. "Na sikia, muliranwa. Sisi hatuchanganyi. Shuleni tunafundishwa. Nyuma ya e na nyuma ya i, unaandika r. Pengine pote, l. Mchere, kwa sababu e iko mbele yake. Tayali, kwa sababu ni a. Usirie, ni i. Nitaludi, ni a. Wewe ndiye hukusoma."

Akainua macho kwenye ukuta wangu. Nilitamani pazia. Alisoma karatasi moja baada ya nyingine, midomo ikicheza, na niliona anaikagua kila moja kama mwalimu anavyokagua hesabu. "Hii sawa," alisema. "Hii sawa. Hii sawa pia. Banange, hapa hakuna kosa hata moja. Hii ni Luganda imevaa Kiswahili." Kisha akarudi kwenye povu lake, kwa kuwa kichwa cha mtu kilikuwa kinangoja.

Nilikaa peke yangu na ukuta. Miaka yote ile niliona watu wanaorusha herufi hovyo, mimi nikiwa mtu pekee mwenye kanuni mjini. Kumbe kanuni ilikuwepo, nyepesi, yenye mstari mmoja, na mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Aliyekuwa akicheka asichokijua ni mimi. Mama yangu angenipa sifuri, na angekuwa na haki.

Vidole vilikuwa vinaniwasha nijaribu pale pale. Sikujaribu. Sentensi ile haikuwa yangu, na niliona si vizuri ifunguke Hajati hayupo. Nilimpigia simu, akasema anakuja, nikafunga mlango kwa wateja wengine.

Alifika akakaa karibu nami, upande wa meza. Nikaandika polepole, herufi ndogo, bila mkato: nitaludi kabula ya kulala usirie. Nikabonyeza. Mashine ikafikiri. Safari hii haikusema kitu, ikafungua tu orodha ya majalada, na la kwanza lilikuwa na jina *ua la mama*.

Hajati hakutazama orodha. Alikuwa anatazama maneno niliyoyaandika kwenye daftari.

"Soma," alisema.

"Hajati?"

"Soma vile imeandikwa."

Nikasoma vile ilivyoandikwa. Nitaludi kabula ya kulala, usirie. Kinywani mwangu ilitoka kama nilivyokuwa nawaigiza watu kwa dhihaka, na niliona haya, nikaishusha sauti.

"Ndiyo yeye," alisema. "Alisema hivyo. Wallahi alisema hivyo, miaka yote, na mimi nimekuambia maneno mengine." Alitikisa kichwa kwa mshangao. "Siku hizi nikikaa kumkumbuka, anasema kama mimi. Nilikuwa nimeanza kumpoteza sauti."

Sikio la mke lilikuwa limemnyoosha mume kimya kimya kwa miaka yote ya ndoa, bila kumwambia, bila kumcheka. Mimi nilimnyoosha mara moja, mbele ya watu. Nilijua kwamba nikinyamaza wakati ule nitanyamaza milele, kwa hiyo nilifungua droo nikamtolea karatasi.

"Hii ilikuwa ukutani pangu," nikasema. "Alikuja kuchapisha tangazo. Nilimcheka, Hajati. Nilimsomea mbele ya watu, wakacheka, kisha nikaibandika ili wacheke na wengine. Nisamehe."

Aliishika karatasi kwa mikono miwili. Aliisoma, akapitisha kidole juu ya HALUSI. Nilisikia maji yakimwagwa kule saluni.

"Alirudi nyumbani siku hiyo amefurahi," alisema hatimaye. "Akasema, nimepata mutu mukali kama sajenti wangu wa kwanza." Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kile kitambaa cha zambarau. "Lakini vizuri umesema. Sasa tengeneza mashine."

Niliitengeneza. Michoro niliitoa kwanza kwenye flashi mbili, moja nikampa mkononi, kisha nikarudisha diski mahali pake, nikamalizia sasisho lililokatika katikati, nikaunda upya ile sehemu inayoamsha mashine. Ilinichukua sehemu kubwa ya mchana, na Hajati hakutoka. Aliswali adhuhuri nyuma ya kabati la vipuri, akarudi kwenye kiti chake. Nilipoiwasha, kistari kile cheupe kilipepesa mara mbili kikaondoka, na mahali pake pakaja kisanduku kinachouliza neno la siri.

"Naweza kukubadilishia," nikamwambia. "Tukaweka neno fupi. Jina la binti yako, chochote. Kila ukiizima itakuwa inakuuliza."

"Itaniuliza kila siku?"

"Kila ukiiwasha."

"Basi acha," alisema. "Nitakuwa nazima kila siku."

Nikamsogezea kibodi. Aliandika kwa kidole kimoja cha kulia, mkono wa kushoto umeshika ukingo wa meza, na mimi nikamtamkia. N. I. T. A. "L, Hajati, hapo ni l." Akaitafuta, akaibonyeza. Kabula ilimchekesha kidogo. Kulala aliijua mwenyewe. Neno la mwisho alifika u, s, i, kisha kidole kikasimama hewani.

"Hapa?" aliuliza. "Hapa ni gani?"

Mimi, binti wa mwalimu, mwenye ukuta wangu, nikamwambia, "R. Usirie."

Akaibonyeza, akamaliza neno, na ua la mama yake likajaa skrini nzima, jekundu na zambarau, kila mshono mahali pake. Maneno ya afande yalikuwa yamefanya kazi yao, lakini amri iliyokuwa ndani yake hatukuitii, si yeye wala mimi.